Kigeu Kisichogeuka: Kisa cha Nadharia Tete Saba Kutoka Lamu

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa uzamili aliyetafiti Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, katika mji wa Lamu. Nimeondoa jina lake, la chuo chake, la shule alizokusanyia data, pamoja na idadi kamili ya vijana aliowahoji. Mimi sikuwa msimamizi wake. Nilikuwa msomaji wa pembeni, yule anayeombwa "nipitishie macho kidogo tu, Mwalimu", na sehemu ya makosa yatakayotajwa hapa ni yangu.

Neno moja kabla ya kuanza. Vyuoni wengi husema haipothesisi, vitabu vya Kiswahili husema nadharia tete. Nitatumia la pili, kwa sababu neno tete lina kazi yake: kauli yenyewe bado haijakomaa, yangoja kupimwa.

Usuli

Wazo lilianzia jikoni kwao. Bibi yake akimtuma mtoto dukani humwagiza mtele; mtoto akirudi humwambia mchele umepanda bei. Nyumba moja, gunia moja, maneno mawili. Kwa msomaji asiyekijua Kiamu: maneno mengi yenye ch katika Kiswahili sanifu huwa na t Kiamuni. Macho ni mato, kichwa ni kitwa. J nayo mara nyingi hugeuka y, kama vile mayi na moya, na nj ikawa nd, kama vile ndia. Kiamu ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya tenzi za kale za pwani, lakini usanifishaji uliosimamiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930 ulijengwa juu ya Kiunguja. Shuleni, kwa hiyo, mtoto wa Lamu huandika macho.

Mwanafunzi wetu aliona ndugu yake mdogo anavyohama kutoka mato kwenda macho, akahitimisha papo hapo kwamba mkosaji ni shule. Hitimisho hilo ndilo alilolipeleka chuoni likiwa limevaa nguo ya nadharia tete.

Chuo kilikuwa na kiolezo: kila lengo la utafiti liwe na nadharia tete yake. Alikuwa na malengo saba. Basi akatunga nadharia tete saba, usiku mmoja.

Zile saba

Sitazileta zote. Hizi nne zatosha kuonyesha hali.

"Shule ndizo zinazoua Kiamu."

"Kiamu ni lahaja tamu kuliko lahaja nyingine."

"Jinsia, makazi, kazi ya mzazi, redio na simu vinaathiri matumizi ya Kiamu, mtazamo wa vijana na ufaulu wao wa mtihani."

"Wanafunzi hawatumii Kiamu." Mbele ya hii alikuwa ameandika kwa mabano kuwa ndiyo nadharia tete ya sufuri.

Ya pili niliifuta huku nikicheka, naye akacheka, ingawa nusu yake alikuwa ameudhika. Mimi pia ni mtu wa Lamu na utamu wa Kiamu siubishii. Ila hakuna jibu lolote ambalo kijana angelitoa likatufanya tuseme, "Kumbe si tamu." Mwanafalsafa Karl Popper aliliweka hili wazi tangu 1934: kauli ya kisayansi lazima iwe na namna ya kushindwa. Isiyoweza kushindwa ibaki kwenye mashairi, na huko ina heshima zake.

Ya tatu ni nadharia tete changamano, yaani yenye vigeu huru zaidi ya kimoja, au vigeu tegemezi zaidi ya kimoja, au vyote. Kigeu ni kitu kinachoweza kubadilika na kupimwa: kigeu huru ndicho kinachodhaniwa kuathiri, kigeu tegemezi ndicho kinachoathiriwa. Si kosa kuwa nayo. Kosa ni kuhesabu kitu kama hicho kuwa nadharia tete moja. Vigeu huru vitano na vigeu tegemezi vitatu vinazaa mahusiano 15 ya kupima. Nadharia tete sahili, ya kigeu kimoja kwa kimoja, humlazimisha mwandishi aseme hasa anataka kujua nini.

Ya nne ndiyo iliyonifanya nimwite nyumbani. Alidhani nadharia tete ya sufuri ni sentensi yoyote yenye "si" au "ha-". Nimeshakutana na kosa hili kwa wanafunzi wengi. "Wanafunzi hawatumii Kiamu" ni dai zito kabisa kuhusu dunia. Mwanafunzi mmoja akitamka mato, limekufa. Nadharia tete ya sufuri husema kitu kingine: kwamba hakuna tofauti, au hakuna uhusiano, kati ya vitu viwili unavyovilinganisha, na kwamba kinachoonekana ni bahati tu.

Nilimweleza mara mbili. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu ya mtu ambaye hajaelewa.

Vikombe vinane

Alasiri hiyo Ami, jirani yetu, alikuwa amekaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na kama kawaida yake alikuwa akiilaani kahawa ya themosi. Alidai kwamba akifumba macho anaweza kuitambua kahawa iliyokaa ndani ya dele, birika la kahawa, juu ya makaa na ile iliyomiminwa kwenye themosi, hata kama zimepikwa pamoja. Nikamwambia mwanafunzi: hii hapa nadharia tete mbadala, yaani dai lenyewe tunalotaka kulipima. Ya sufuri ni ipi?

Akafikiri. "Kwamba Ami hapendi themosi?"

Hapana. Ni kwamba Ami hana anachokitambua; anabahatisha.

Mtihani tuliouandaa si wa kubuni kwangu. Mtakwimu Ronald Fisher aliuelezea katika kitabu chake cha 1935, kuhusu mwanamke wa Kiingereza aliyedai kutambua kama maziwa yametangulia kikombeni au chai imetangulia. Vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile. Sisi tukabadilisha chai kwa kahawa chungu. Mdogo wake mwanafunzi, yule wa mchele, alikaa ndani akavipanga vikombe kwa kuokota vijikaratasi kutoka kwenye kofia ya Ami mwenyewe, ili mpangilio usiwe wa mtu. Kabla ya kuanza, mwanafunzi aliuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kumsikia: "Na kahawa ya dele si itakuwa moto zaidi?" Kweli. Ami angetambua joto, si ladha. Tukaacha vikombe vyote vipoe sawasawa, Ami akinung'unika kwamba kahawa baridi ni adhabu.

Alionja. Akaambiwa achague vinne vya dele. Alipata vitatu, kimoja akakosa. Mtoto akapiga makofi, Ami akasema, "Niliwaambia."

Tukapiga hesabu kwenye bahasha. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ni 70. Njia moja tu inapata vyote vinne. Njia 16 zinapata vitatu. Kwa hiyo mtu anayebahatisha tu atapata vitatu au zaidi kwa njia 17 kati ya 70, kama mara 24 katika 100. Lau Ami angepata vyote vinne, ingekuwa 1 kwa 70, chini ya ile mipaka ya 0.05, yaani mara 5 katika 100, ambayo Fisher aliizoesha dunia tangu 1925, nasi tungeikataa nadharia tete ya sufuri. Kwa vitatu hatuwezi kuikataa.

"Kwa hiyo tumethibitisha kwamba Ami hatambui," akasema.

Hatujathibitisha. Tumeshindwa kuikataa ile ya sufuri, basi. Huenda Ami anatambua kweli lakini vikombe vinane ni vichache kumtendea haki. Kumwona hatambui ilhali anatambua huitwa kosa la aina ya pili; kumpa taji ilhali alibahatisha ni kosa la aina ya kwanza. Ami alipofasiriwa haya alisema anataka vikombe kumi na sita kesho, na viwe vya moto.

Nilidhani somo limeingia. Mtaona.

Maamuzi: kutoka saba hadi nne

Tulikaa siku tatu na kalamu nyekundu. Sababu ya kupunguza haikuwa urembo. Ukipima mambo saba yasiyotegemeana, kila moja kwa kiwango cha 0.05, na kwa kweli hakuna lolote lililopo, uwezekano wa angalau moja kukudanganya kuwa lipo unafika kama 30 kwa 100. Alipoiona namba hiyo, alikubali kuacha redio na simu.

Uamuzi wa kwanza ulihusu jinsia. Bibi yake alikuwa na yakini kwamba wasichana ndio wanaokihifadhi Kiamu, kwa sababu wavulana wanazurura gatini na wageni. Mwanafunzi akataka nadharia tete yenye mwelekeo: wasichana watatumia maumbo ya Kiamu zaidi. Lakini tafiti za isimujamii, mathalani ule wa Peter Trudgill wa mji wa Norwich, Uingereza, uliochapishwa 1974, ziliona wanawake wakiegemea zaidi maumbo sanifu. Bibi anasema kushoto, Trudgill anasema kulia. Vielelezo vikigongana namna hiyo, huna haki ya kuchagua upande. Tukaiandika bila mwelekeo: kuna tofauti kati ya wasichana na wavulana katika idadi ya maumbo ya Kiamu wanayoyatamka. Gharama ya kufanya hivyo ni kwamba kipimo kinaangalia pande zote mbili, na unahitaji tofauti kubwa kidogo ili uikatae ile ya sufuri. Aliilipa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kinyume chake. Mwaka 1963 William Labov alichapisha utafiti wa kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, kisiwa cha wavuvi kilichofurika watalii wa majira ya joto. Aliona kwamba wenyeji waliokipenda kisiwa na kutaka kubaki walizidisha matamshi ya kienyeji, na waliotaka kuhama waliyapunguza. Mtu wa Lamu akisoma hayo huona kama kaandikiwa yeye. Hapa mwelekeo ulikuwa na msingi: vijana wanaotaka kuishi Lamu baada ya shule watatumia maumbo ya Kiamu zaidi kuliko wanaotaka kuhama. Ni nadharia tete ya uhusiano. Haisemi kipi kinazaa kipi.

Uamuzi wa tatu, ninaojivunia, ulihusu usababishi. Mwanafunzi alitaka sana neno "husababisha" liwemo mahali. Nikamwambia: basi tafuta kitu ambacho mkono wako unaweza kukigeuza. Hawezi kugeuza jinsia ya mtu wala ndoto zake. Lakini anaweza kugeuza lugha ya anayeuliza. Hivyo vijana wangegawanywa kwa kura. Nusu waonyeshwe picha na kuulizwa kwa Kiamu, nusu kwa Kiswahili sanifu, na muulizaji awe mtu yule yule mmoja asiyejua utafiti unatarajia nini. Hii ni nadharia tete ya kisababishi yenye mpango unaoweza kuibeba.

Ya nne ilikuwa ile ya shule. Tuliisafisha vizuri: "Kiwango cha elimu kina uhusiano na matumizi ya maumbo ya Kiamu miongoni mwa wanafunzi wa kidato cha tatu." Chini yake tukaweka ya sufuri, kwa maneno yanayolingana nayo neno kwa neno. Ilipendeza machoni.

Jopo

Jopo la kupitisha pendekezo lilikuwa na watu watano. Wanne waliuliza kuhusu marejeo na pambizo. Wa tano, mama mmoja mkimya, alisoma nadharia tete ya nne kwa sauti, akavua miwani.

"Mwanangu, katika sampuli yako, nani hajafika kidato cha tatu?"

Hakuna.

"Na nani amepita kidato cha tatu?"

Hakuna.

"Basi hicho kigeu chako kitageukia wapi?"

Nilipopigiwa simu jioni nikaambiwa, nilikaa kimya kwa muda. Wote walikuwa kidato kimoja. Kiwango cha elimu kilikuwa kimesimama kama mlingoti, na kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa na uhusiano na chochote. Nilikuwa nimeipiga msasa sentensi mara sita bila kuuliza kama data ina uwezo wa kuijibu. Yeye alikuwa ameificha kasoro hiyo kwa mapenzi, mimi kwa sarufi.

Njia zilikuwa mbili: aongeze kundi la vijana walioacha shule mapema, wale wa mashuani na wa punda, au aiondoe. Kuongeza kundi kungetaka ridhaa mpya na vibali vipya, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa leseni za utafiti, aliyokuwa tayari kuiomba kwa wanafunzi tu, na fedha zilikuwa zimeshagawanywa. Aliiondoa. Alilia kidogo, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo nadharia tete iliyomleta chuoni.

Uwandani

Picha ndizo zilizotusumbua. Ya maji ilikuwa glasi iliyojaa, na vijana wengi wa jaribio la awali walijibu "glasi". Ya njia aliipakua kwenye intaneti: lami, mstari mweupe katikati, lori kwa mbali. Wakasema "barabara", na walikuwa na haki. Katika mji huu wa vichochoro, ambamo punda ndiye lori, picha ile haikuwa na ndia wala njia ndani yake. Akaenda kupiga picha mwenyewe nyuma ya ngome. Sasa wengi wakajibu "usita".

Usita ni neno la Kiamu lenyewe hasa. Barabara kuu ya mji tunaiita Usita wa Mui. Lakini fomu yake ya kurekodi ilikuwa na safu mbili: ndia, njia. Usita haukuwa na pa kukaa, na msaidizi aliyekuwa akijaza alikuwa akiuhesabu kama "si Kiamu". Tuliligundua kwa bahati, kwa sababu nilisikiliza rekodi moja wakati wa chakula. Picha ile ikaondolewa kwenye hesabu.

Mengine yalikwenda vizuri. Rekodi zilikatwa swali, likabaki jibu tupu, ili wanaohesabu wasijue kijana aliulizwa kwa lugha gani.

Matokeo

Lugha ya muulizaji ilileta tofauti ya wazi: walioulizwa kwa Kiamu walitoa mato na kitwa kwa wingi zaidi. Nadharia tete ya sufuri ikakataliwa. Hamu ya kubaki Lamu nayo ilikwenda sambamba na Kiamu, kwa mwelekeo uliotabiriwa. Jinsia haikuvuka mpaka wa 0.05.

Rasimu ya sura ya nne ilipofika kwangu, ilikuwa imeandikwa: "Utafiti umethibitisha kuwa wasichana na wavulana hawatofautiani." Niliandika pembeni neno moja tu: *Ami*. Alinipigia simu akicheka na kujilaani. Akabadilisha: data haikutoa ushahidi wa kutosha wa kuikataa nadharia tete ya sufuri.

Katika ikisiri alikuwa pia ameandika kwamba kuipenda Lamu "kunasababisha" matumizi ya Kiamu. Huenda ni hivyo. Huenda pia aliyelelewa na bibi wa Kiamu ndiye anayeipenda Lamu, na bibi ndiye chanzo cha yote mawili. Ikawa "kunahusiana na".

Halafu lilikuja jaribu kubwa. Akichezea majedwali usiku, aliona vijana wa Mkomani na wa Langoni, mitaa miwili ya mji wa Lamu, wanatofautiana sana. Hakuwahi kutabiri hilo. Mtu aliyemwamini akamshauri airudishe sura ya kwanza kama nadharia tete ya nne, mahali palipoachwa na shule, na aandike "ilitarajiwa kwamba". Tabia hii, ya kutunga nadharia tete baada ya kuyaona matokeo, inaitwa HARKing tangu makala ya Norbert Kerr ya 1998, na hesabu ya vikombe inaonyesha ubaya wake: ni sawa na kumwacha Ami aonje kwanza, kisha tuchague dai litakalolingana na alichopata. Tulibishana kwa ujumbe mpaka usiku wa manane. Mwishowe aliiweka katika sehemu yake yenyewe, chini ya kichwa "Yaliyojitokeza bila kutabiriwa", na kusema wazi kwamba mwingine ailete kama nadharia tete kwa data mpya.

Alitetea, akapita kwa masahihisho madogo.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kulinganisha aina ya nadharia tete na uwezo wa mpango. Wanafunzi hufundishwa aina hizi kama orodha ya kukariri, kana kwamba mtu huchagua kama anavyochagua kitambaa. Kumbe kila aina ni deni. Ukiandika ya kisababishi unadaiwa kura na udhibiti. Ukiandika yenye mwelekeo unadaiwa msingi uliotangulia data. Lugha ya muulizaji iliweza kulipa deni lake. Shule haikuweza.

Kiolezo cha chuo kilifanya madhara. Moja ya malengo yake saba ilikuwa kueleza kwa nini mabibi wanabadilisha lugha wakiongea na wajukuu. Hilo halikuhitaji nadharia tete hata kidogo. Lilihitaji swali la utafiti, mkeka na muda wa kusikiliza. Alilazimishwa kulitungia kauli ya kupimwa, ikatoka ovyo, na katika ule upunguzaji wetu tukalifuta pamoja na lengo lenyewe. Nalijutia kuliko yote. Ndilo lengo lililotoka jikoni kwao.

Kuhusu shule, lawama ni yetu wawili. Swali la mama wa jopo lilikuwa la sekunde kumi na halikuhitaji takwimu yoyote: andika kigeu, orodhesha hali zake, angalia kama una watu katika kila hali. Sasa namfanyisha hivyo kila anayeniletea rasimu, kabla sijasoma sentensi hata moja.

Mtihani wa kahawa ulisaidia, lakini pole pole. Alielewa dakani, akasahau kwenye kompyuta. Programu ikikupa namba na neno la kukubali au kukataa, mkono huandika "imethibitika" wenyewe.

Fomu yake ya kurekodi ameniachia, na mwanafunzi mwingine ameshaianza kwa vijana wa mashuani, wale ambao baadhi yao hawakumaliza shule. Ina safu tatu badala ya mbili. Ya tatu inasema "neno jingine la Kiamu", na mstari wa kwanza kabisa tayari umejazwa: usita.